Kisa Hiki ni cha Nani? Maswali yenu kuhusu vitabu vilivyogeuzwa filamu

Barua za mwezi huu karibu zote zimeuliza habari ya vitabu vilivyogeuzwa filamu. Nimefurahi, maana ni jambo ambalo nimelibeba tangu nilipokuwa darasani na sikuwahi kupata nafasi ya kulisema lote. Nimechukua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu na sitaomba radhi kwa hilo.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha sita hapa Morogoro. Tunasoma *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi. Rafiki yangu ameitazama filamu yake mara mbili, anasema hana haja ya kusoma kitabu kwa sababu kisa ni kilekile. Mwalimu wetu naye anasema filamu imekiharibu kitabu na ametukataza kuitazama. Nimfuate nani?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako mheshimu, rafiki yako mpende, lakini katika hili wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa upande wake.

Nianze na rafiki yako kwa sababu mtihani unamngoja. Nimefundisha fasihi miaka 31 na nimesahihisha karatasi nyingi za mitihani. Rafiki yako akiandika kwamba Yasmin alikutana na Denge, yule kijana mpigania uhuru, usiku, akiwa njiani kwenda kuolewa, atakoseshwa, na itakuwa haki. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye filamu ya Amil Shivji. Kitabuni sivyo. Kitabuni unapofungua tu, Yasmin amekwisha kuozwa. Ana miaka 15. Bwana Raza, mwenye duka, ana miaka 52. Shafi anatuingiza ndani ya nyumba hiyo na kutuacha humo na binti na mtu mzima anayemwita mke. Denge hayupo. Wanasiasa hawapo. Kuna msichana na mume asiyempenda, basi.

Rafiki yako atasema hiyo ni tofauti ndogo, kwani mwisho wa yote si wanakutana? Mimi nasema ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, na hapa nakuomba unisikilize vizuri.

Kitabuni, Yasmin anamkimbia Raza bila mwanamume yeyote kumngoja nje. Hakuna aliyemshika mkono. Jamaa zake mwenyewe wanamfungia mlango, kwa kuwa amewaaibisha. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo asiye na mali, mwenye chumba na moyo. Hujui Ng'ambo maana yake nini kwa watu wa Unguja wa miaka ile, kwa hiyo nikueleze: Mji Mkongwe, penye nyumba za mawe, ulitenganishwa na upande wa pili kwa mkono wa bahari. Kulikuwa na daraja, ndiyo maana hadi leo pale panaitwa Darajani ingawa maji yalikwisha kufukiwa. Upande wa pili wa daraja ndiko Ng'ambo, kwa watu wa kawaida, wapagazi, wachukuzi, wauza samaki. Binti wa Kihindi aliyelelewa upande wa mawe akivuka kwenda kulala kwa Mwajuma, amevuka zaidi ya maji. Mstari ule Mwingereza aliutaka ubaki palepale, na wazee wa pande zote waliulinda. Yasmin anauvuka kwa miguu yake, kwa sababu zake, kabla hajasikia neno moja la siasa.

Baada ya hapo ndipo anapomjua Denge, kijana aliyesoma Urusi, ambaye Inspekta Wright na Koplo Matata wanamwinda usiku na mchana kwa ajili ya mawazo yake na makaratasi yake. Kwa hiyo wanapokutana, Yasmin si mtu wa kuokolewa. Amekwisha kuikata kamba yake. Denge anampa tu jina la jambo ambalo yeye alikwisha kulifanya.

Filamu imeyaleta hayo mawili karibu mno. Siku ya kuozwa na siku ya kumwona Denge zimekuwa usiku mmoja. Kamba mbili zimefungwa fundo moja tangu mwanzo, ya ndoa na ya ukoloni, ya binti na ya nchi. Ni fundo zuri, lina mvuto wake, na nitakuja kulisema. Lakini swali la kwanza ninalokufundisha uulize unapolinganisha kitabu na filamu si "wamekata nini?" Kila filamu inakata. Uliza: kisa hiki ni cha nani? Nani yuko katikati pazia linapofunguka? Kitabuni ni cha Yasmin, na mapinduzi ya fikra yanamkuta njiani. Kwenye filamu ni cha Yasmin na Denge tangu dakika za mwanzo.

Kwa nini nashikilia hili? Mwaka mmoja nilikuwa na darasa la kidato cha tano, wasichana 44. Nilikuwa na kawaida ya kuwasomea sura ya kwanza kwa sauti kabla ya kuwapa vitabu, kwa kuwa nakala zilikuwa 11 tu na yangu ilikuwa imekatika jalada, nimeifunika kwa karatasi ya kaki. Nilipotaja umri wa Yasmin na umri wa Raza, msichana mmoja aliyekaa safu ya dirishani alilaza kichwa juu ya dawati na hakukiinua hadi kengele ilipogonga. Sikumuuliza kitu mbele ya wenzake. Wiki iliyofuata alikuja ofisini kwangu akaniuliza jambo moja: "Mwalimu, Yasmin alipoondoka alikuwa na mtu?" Nikamwambia hakuwa na mtu. Akasema, "Alikuwa na Mwajuma." Nikamwambia ndiyo, Mwajuma alikuwepo. Muhula uliofuata kwao walitaka kumwozesha, naye akaenda kwa mama yake mdogo katika mji mwingine, akamalizia shule huko. Sisemi ni kitabu kilichofanya hivyo. Nasema lile neno lake la pili, lile la Mwajuma, ndilo somo bora la uhakiki nililowahi kulisikia darasani, na lisingewezekana kama Denge angekuwa amesimama mlangoni tangu ukurasa wa kwanza.

Sasa nije kwa mwalimu wako. Filamu haijaharibu kitabu. Kitabu kiko palepale, kilichapwa mwaka 1999 na hakuna neno lililofutika. Na kuna mambo ambayo mimi, pamoja na miaka yangu yote, nilishindwa kuyafikisha darasani, filamu ikayafikisha. Mwajuma kwenye filamu anaigizwa na Siti Amina, na Siti Amina ni mwimbaji wa taarabu hasa, wa Zanzibar. Wanafunzi wangu wengi walitoka bara, hawakuwahi kumsikia mwanamke wa Unguja akiimba kwa ile sauti inayopanda taratibu huku ikijifanya haina haraka. Mwandishi akiandika "akaimba", msomaji wa Sumbawanga anaweka wimbo wowote anaoujua. Ukumbini hakuna kuweka. Unausikia. Nilikwenda kuitazama na binti yangu, na sauti ile ilipoanza alinishika mkono, naye ni mtu wa kuchoka haraka na mambo ya zamani.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe. Filamu imepigwa Zanzibar, watu wanazungumza Kiunguja kwenye vichochoro vyao, usiku, kwenye mwanga wa taa. Shafi aliandika Kiswahili hichohicho na sisi tumekuwa tukikisoma kwa lafudhi za kwetu. Filamu imekirudishia mdomo wake. Ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021 na mwaka uliofuata ikapelekwa kuiwakilisha Tanzania kwenye tuzo za Oscar. Kitabu ambacho kwetu kilikuwa cha mtihani, watu wa mbali wakakutana nacho kama kisa cha mapenzi na ukombozi. Mimi nilijivuna.

Na lile fundo? Piga hesabu ufahamu kwa nini lilihitajika. Ukisoma kwa sauti ukurasa mmoja wa riwaya unachukua kama dakika 3. Kurasa 200 tu ni saa 10, na *Vuta N'kuvute* ina zaidi ya hizo. Filamu ina kama saa moja na nusu. Mwongozaji akitaka kuanza na Raza, ampitishe Yasmin kwenye ndoa, atoroke, akanwe na nduguze, avuke Ng'ambo, azoee, ndipo amwone Denge, filamu itakuwa imekwisha kabla mapenzi hayajaanza. Ilibidi achague. Amechagua mapenzi na harakati, akaacha ile safari ndefu ya Yasmin peke yake. Namwelewa. Hata hivyo ningekuwa mimi, dakika 10 za mwanzo ningempa Bwana Raza.

Kitu kingine utakachokiona: kitabuni maisha ya Yasmin hayaishii kwa Denge. Yanaendelea, na mwishoni yuko Bukheti, ndoa ya hiari yake, utulivu baada ya mvutano wote ule. Wanafunzi wangu wengi walichukia mwisho huo. Walitaka Denge. Mimi naupenda, kwa sababu ndivyo watu wanavyoishi, mtu haishi kwa tukio moja kubwa tu. Filamu inaishia wapi sitakwambia. Nenda kaone.

Kwa hiyo fanya hivi. Maliza kitabu kwanza, wiki 2 zinakutosha. Kisha itazame filamu pamoja na huyo rafiki yako. Baadaye chukueni karatasi, mjibu swali moja mara mbili, mara kwa kitabu na mara kwa filamu: Yasmin alipomwona Denge kwa mara ya kwanza, alikuwa amekwisha kujua nini kuhusu maisha? Karatasi hiyo mpelekee mwalimu wako. Kama ni mwalimu ninayemdhania, ataisoma.

Salamu Mwalimu, kutoka Nakuru. Nilisoma *Half of a Yellow Sun* ya Chimamanda Ngozi Adichie nikalia mara mbili. Nilipoona filamu, yenye waigizaji wakubwa kabisa, sikudondosha hata chozi. Mume wangu anasema ni kwa sababu nilishajua yatakayotokea. Ni kweli?
*Msomaji, Nakuru*

Wa alaikum, mama. Mumeo hajakosea sana ila hajagusa penyewe. Mimi kitabu hicho nimekisoma mara tatu na mara ya tatu nililia palepale nilipolia mara ya kwanza, nikijua kila kitu.

Kitabu hicho aliniletea mwanangu, naye alinikuta na deni la zamani. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, ile sehemu ya mashariki ya Nigeria iliyojitenga ikaingia vitani. Nilikuwa na miaka 9, Tanga, baba yangu karani wa reli, na redio ilikuwa kitu cha watu wazima. Nilisikia neno "Biafra" likirudiwa nyumbani mwetu nikadhani ni jina la mtoto aliyepotea, kwa jinsi wazee walivyolitamka. Nimekaa na neno hilo miaka karibu 40 bila sura yoyote ndani yake. Adichie alipolichapisha jibu mwaka 2006, ndipo nikaona kwamba lile jua nusu la njano la kwenye jina la kitabu ni la bendera yao, na kwamba ndani ya jina lile kulikuwa na nyumba, supu, maprofesa wenye kelele, na mtumishi aitwaye Ugwu.

Hapo kwa Ugwu ndipo palipo na machozi yako. Kumbuka kitabu kinavyoanza. Mvulana wa miaka 13 anatoka kijijini, anapelekwa na shangazi yake Nsukka kuwa mtumishi wa mwalimu wa chuo kikuu, Odenigbo. Anaona friji. Anaona bomba la maji ndani ya nyumba. Anapiga pasi soksi za bwana wake na kuunguza moja. Tunaiona nyumba nzima kwa macho ya mtu anayeogopa kugusa viti. Kwa hiyo vita vinapokuja kuichukua nyumba ile, unajua kila kitu kinachochukuliwa, maana Ugwu alikwisha kukuonyesha kimoja kimoja.

Filamu ya Biyi Bandele, ya mwaka 2013, inaanzia kwingine: Lagos, uhuru wa mwaka 1960, mabinti wawili pacha wa tajiri, Olanna na Kainene, wamevaa wakapendeza. Thandiwe Newton, Anika Noni Rose, Chiwetel Ejiofor, na Ugwu akiwa John Boyega. Hakuna aliyeigiza vibaya. Lakini uliza lile swali nililompa mwanafunzi wa Morogoro. Kisa ni cha nani? Kwenye filamu kimehamia kwa mabibi na mabwana. Ugwu amebaki jikoni, anapita na sinia.

Na hilo si jambo dogo katika kitabu hiki, kwa sababu kitabu chenyewe kinauliza swali hilohilo. Unakumbuka kile kitabu kilicho ndani ya kitabu, vipande vinavyojitokeza hapa na pale, kuhusu dunia iliyonyamaza watu wakifa? Tunadhani mwandishi ni Richard, yule Mwingereza mwenye mapenzi na Kainene, anayehangaika kuandika tangu mwanzo. Mwishoni Richard mwenyewe anakiri kwamba vita vile si kisa chake cha kusimulia. Na tunagundua kuwa mwandishi ni Ugwu. Mtumishi. Yule aliyeunguza soksi. Mimi hapo ndipo ninapolia. Filamu imeliacha jambo hilo, na bila hilo unabaki na familia iliyoteswa na vita, jambo la kuhuzunisha, naam, lakini si lilelile.

Filamu haikuingia pia kwenye dhambi ya Ugwu. Kitabuni analazimishwa kuwa askari, na katika baa moja anashiriki pamoja na wenzake kumbaka msichana. Baada ya kurasa mia kadhaa za kumpenda, Adichie anakufanya umwone akifanya hilo, na hakupi ruhusa ya kuacha kumpenda wala ya kumsamehe. Kubeba mambo mawili kwa pamoja namna hiyo ni kazi ya kurasa nyingi. Kwenye skrini ningekuwa mwongozaji na mimi ningeogopa.

Jambo la tatu ni mpangilio wa wakati. Kitabu kina sehemu 4, na mwandishi anarukaruka: mwanzo wa miaka ya sitini, mwisho wa miaka ya sitini, kisha anarudi nyuma, kisha mbele tena. Ukifika sehemu ya pili unakuta mapacha hawasemezani na kuna mtoto ambaye hujaambiwa alikotoka. Unaligusa kovu kabla ya kujua lilivyopatikana, na unakwenda kurasa baada ya kurasa ukilitafuta. Filamu imenyoosha kila kitu kwa mstari, tukio baada ya tukio. Kwa hiyo usaliti uliowagombanisha mapacha unapotokea unaupokea kama habari. Kitabuni ulikuwa umeuguza jeraha lake muda mrefu.

Haki itendeke, kuna mahali filamu ilinipiga kuliko kitabu: harusi ya Olanna na Odenigbo, bomu linapoanguka katikati ya sherehe. Nilikuwa nimelisoma na nilijua linakuja. Lakini kitabuni macho yako yanaona neno "ndege" kabla ya mlipuko, sentensi inakutayarisha. Kwenye filamu muziki unaendelea, watu wanacheka, kisha huoni chochote. Nilisimama sebuleni kwangu. Mama aliyekuwa Nigeria mwaka 1968 hakuwa na sentensi ya kumtayarisha.

Nikuongezee jambo ambalo mumeo atalipenda. Kitabu kilikuwa madukani Nigeria tangu mwaka 2006, kinauzwa, kinafundishwa. Filamu ilipokuwa tayari kuonyeshwa huko mwaka 2014, bodi ya ukaguzi iliizuia kwa miezi kadhaa kabla ya kuiruhusu. Kisa kilekile, vita vilevile.

Jambo Mwalimu. Niko Goma. Sisi huku tunasoma vitabu vya Kifaransa. Swali langu: mwandishi akitengeneza mwenyewe filamu ya kitabu chake, hapo si ubishi unakwisha? Nani atamwambia amekosea?
*Msomaji, Goma*

Jambo sana, ndugu yangu. Umeniletea mtu ninayempenda, maana mfano ulio wazi kuliko yote Afrika ni Ousmane Sembène wa Senegal. *Xala* aliiandika kwa Kifaransa, ikatoka mwaka 1973. Mwaka 1975 akaitoa filamu yake, ameiongoza yeye mwenyewe. Ubishi haukwisha, ila unageuka kuwa wa maana zaidi, kwa sababu sasa unamwona mtu mmoja akisimulia jambo moja kwa watu wawili tofauti.

Kisa unakijua: El Hadji Abdou Kader Beye, mfanyabiashara wa Dakar, anaoa mke wa tatu, na usiku wa harusi nguvu za kiume zinamtoka. Xala ni neno la Kiwolofu, ndiyo laana hiyo. Kitabuni tunakutana na wafanyabiashara wamekwisha kukaa kwenye viti, wanashangilia kuwa Chama cha Biashara sasa ni cha Waafrika. Filamu inaanza nyuma kidogo. Watu wanawatoa wazungu nje ya jengo, sanamu zao zinawekwa kwenye ngazi, ngoma zinapigwa. Punde wazungu walewale wanarudi na mikoba, kila mheshimiwa anafungua wake, umejaa noti. Hakuna hotuba inayoeleza. Mtu asiyejua kusoma Kifaransa, wala Kiwolofu, anaelewa uhuru wa namna gani umepatikana.

Na hiyo ndiyo sababu yake. Sembène alikuwa tayari ni mwandishi mwenye jina alipokwenda Moscow mwanzoni mwa miaka ya sitini kujifunza filamu, akiwa mtu mzima karibu miaka 40, kwa kuwa aliona vitabu vyake vya Kifaransa haviwafikii makuli, wachuuzi na akina mama aliowaandika. Kwenye filamu binti yake El Hadji, Rama, anamjibu baba yake kwa Kiwolofu baba anaposema Kifaransa, na unasikia kwa masikio yako ugomvi ambao kitabu chote cha Kifaransa kingeweza tu kukuarifu kwamba upo. Nadhani ninyi wa Goma mnalielewa hilo kuliko sisi.

Serikali nayo ililielewa. Kitabu kiliachwa kisomwe na wenye kukisoma. Filamu ilikatwa vipande vipande na wakaguzi kabla ya kuonyeshwa Senegal, na Sembène, inasimuliwa, aliwagawia watu karatasi za kueleza kilichokatwa. Mwisho wenyewe, ombaomba wakimtemea mate El Hadji akiwa uchi mbele ya familia yake, unaweza kuusoma kwa dakika 2 na kugeuza ukurasa. Kwenye filamu hawamalizi. Wanakuja mmoja baada ya mwingine, na unatamani mtu azime taa.

Kwa hiyo kama unataka kumwambia amekosea, unaweza. Mimi ningemwambia kwamba kati ya ombaomba hao kuna kipofu mmoja, ambaye kitabuni tunamsikia zaidi moyoni mwa El Hadji, kama kelele isiyoisha, na kwenye filamu anaonekana mapema mno kuwa muhimu. Lakini kumbuka kwamba aliyemtoa kitabuni na kumkalisha barabarani ni yuleyule aliyemzaa.

Mwalimu, nina watoto wawili, wa miaka 12 na 15. Nianze kuwapa kitabu au filamu? Jibu kwa kifupi, nina kazi nyingi.
*Mama, Kigamboni*

Kitabu kwanza, mama. Sababu ni sura za watu. Mtoto akisoma habari za Mwajuma anamtengenezea sura kutoka kwa mtu anayemjua, labda shangazi yake, labda mpika vitumbua wa mtaani kwenu. Akitazama filamu kwanza, sura ile ya mwigizaji inakaa na haitoki tena, hata iwe nzuri kiasi gani. Mjukuu wangu nilimkosea hivyo. Nilimwonyesha filamu kabla ya kitabu, na alipoanza kusoma nikamuuliza Denge anafananaje. Akanitajia koti.

Huyu wa miaka 15 mpe *Vuta N'kuvute* hata leo. Wa miaka 12 asubiri kidogo, ila msomee kwa sauti kurasa za Mwajuma, jioni mkishakula.